Fleti iliyochoka mjini: doa la dalali, ukuta wa sebule na bafu linalotaka kuhama

"Habari mtaalamu. Mimi na mume wangu tumejichanga miaka kadhaa, tunataka kununua fleti mjini. Zile zilizokarabatiwa bei imetushinda, kwa hiyo tumeamua kutafuta iliyochoka kabisa tuivunje ndani tuanze upya. Tumezunguka miezi mitano. Sasa tumepata moja ghorofa ya nne kwenye jengo la zamani la ghorofa tano, ndani imechakaa kweli, jiko limeoza, nyaya zinaning'inia, na bafuni kwenye dari kuna doa la kahawia kubwa kama sinia. Dalali anasema doa ni la zamani lilishakauka. Tunataka kutoa ukuta kati ya jiko na sebule, na bafu kulihamishia upande wa pili karibu na chumba chetu. Mume wangu anasema ilivyo mbovu zaidi ndivyo tunavyofaidi, sababu vyote vitavunjwa. Mimi roho haijatulia. Fleti za namna hii zinatafutwaje kwa akili, na hii tuliyoiona tuichukue au tuiache?"

Dada yangu, asante kwa kuandika kwa kirefu, maana wengi wananiuliza "mtaalamu fleti ya zamani nzuri?" basi imeisha, hapo nijibu nini. Wewe umenipa doa, umenipa ghorofa, umenipa na mpango wa kuvunja, hapo kuna cha kusema. Na hiyo roho isiyotulia iache ifanye kazi yake kidogo.

Nianze na shemeji. Ana nusu ya ukweli. Jiko lililooza halikuumizi, litatolewa. Taili zilizopasuka, milango iliyovimba, rangi inayobanduka, makabati ya enzi hizo, harufu ya paka, vyote vinashusha bei na vyote mtavitupa, kwa hiyo hapo mnapewa punguzo kwa kitu ambacho hata hamkukitaka. Ila fleti siyo nyumba ya chini uliyoizungushia ukuta wako. Ukinunua fleti unanunua vitu viwili kwa mpigo, kile kilichoko ndani ya mlango wako, na kipande chako cha jengo zima, yani slabu (sakafu ya zege inayotenganisha ghorofa na ghorofa), nguzo, paa, ngazi, lifti kama ipo, mabomba makuu yanayoshuka toka juu mpaka chini, msingi. Cha kwanza unaweza kukivunja chote ukajenga upya. Cha pili huna mamlaka nacho peke yako hata uwe na hela kiasi gani, mpaka majirani wakubali na wachange. Ndo maana watu wangu nawaambia watafute fleti mbaya kwenye jengo zuri. Ukienda kwenye jengo baya utaweka jiko jipya chini ya bomba la jirani lenye miaka arobaini, na hilo bomba halina habari kwamba wewe umekarabati.

Sasa kutafuta. Miezi mitano siyo mingi, msijisikie vibaya. Shida ni kwamba fleti nyingi chakavu hazifiki sokoni zikiwa chakavu, kuna watu kazi yao ndo hiyo, ananunua, anapaka rangi, anapiga dari ya jipsamu na vitaa vya mviringo, miezi mitatu baadaye inauzwa kama mpya. Hao wanawahi kuliko nyie. Mkitaka kuwahi nanyi msianze na matangazo, anzeni na majengo. Chagueni majengo kama kumi hivi ambayo mngependa kuishi, yanayoonekana yametunzwa, alafu mkaongee na mlinzi, na msimamizi wa jengo, na hasa fundi bomba anayeitwaga pale kila wiki. Huyu ndo mtu anajua fleti ipi imefungwa miaka minne, ipi mwenyewe kazeeka ngazi zimemshinda, ipi mama alifariki na watoto wako mbali hawaelewani cha kufanya. Fleti za urithi nyingi ndo mnazotafuta, hazijaguswa miaka na wenyewe wanataka kugawana hela siyo kukarabati, ila hapo lazima warithi wote wawe wamesaini, akibaki mmoja nje huyo huyo ndo atakuja kukusumbua siku umemaliza kupaka rangi.

Kwenye matangazo, angalieni picha zisizokuwepo. Tangazo lenye picha sita za nje na mandhari ya dirishani na hakuna hata moja ya bafu, hilo lifuatilieni. Likikaa muda mrefu, bei ikashuka mara mbili, pigeni simu. Lile lenye maneno "imekarabatiwa kidogo" mimi ndo naliogopa zaidi, sababu mnalipia rangi mpya ambayo mtaikwangua, na chini yake hamjui kuna nini. Fleti iliyochoka waziwazi inakuonyesha kila kitu chake, doa liko pale unaliona. Iliyopakwa rangi jana ni mbuzi kwenye gunia.

Mkifika kwenye jengo msikimbilie fletini. Pandeni kwanza hadi juu kabisa, ombeni kuona paa, kama ni paa bapa angalieni kama maji yanasimama na kama kuna nyufa zilizozibwa zibwa na lami juu ya lami. Alafu shukeni kwa ngazi taratibu mkiangalia dari za kila ghorofa. Mkitoka nje inueni vichwa muangalie balkoni kwa chini, zile nyufa zilizonyooka kama zimepigwa rula, zenye mstari wa kahawia unaotoka ndani, zinafuata nondo, siyo nyufa za plasta. Nendeni mara moja kesho yake baada ya mvua kubwa, na mara nyingine alfajiri watu wanapojiandaa kwenda kazini, ndo mtajua maji yanafika ghorofa ya nne kwa presha gani, maana saa nane mchana kila bomba lina presha.

Karatasi nazo. Ombeni kumbukumbu za vikao vya wamiliki za miaka mitatu ya nyuma, mzisome kama mnavyomchunguza mchumba. Ukiona "paa" imejadiliwa kikao cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kila mara imeahirishwa, hilo paa halijatengenezwa na likija kutengenezwa nyie mtakuwa ndani mnachangishwa. Angalieni mfuko wa akiba wa jengo una kitu au ni jina tu, wangapi wana madeni ya gharama za huduma, na kama kuna mchango mkubwa umeshapitishwa ila haujakusanywa, iandikwe kwenye mkataba nani ataulipa, muuzaji au nyie. Wengi wanaona hii ni habari ya makarani. Mwaka 2021, usiku wa tarehe 24 Juni, jengo la Champlain Towers South pale Surfside, Florida, Marekani, sehemu yake kubwa ilianguka na watu 98 wakafa. Lilijengwa 1981. Mhandisi alikuwa ameshaandika kwenye ripoti ya 2018 kwamba slabu ya eneo la bwawa la kuogelea imeharibika vibaya sababu kinga yake ya maji imekufa, na wamiliki wakawa bado wanavutana kuhusu matengenezo na michango. Sikutishi, majengo hayaanguki ovyo, ila ujue hizo karatasi zinaongelea vitu gani.

Haya, doa.

Dalali anasema limekauka na inawezekana kabisa ni kweli. Swali langu ni moja: fleti ya juu yenu, ghorofa ya tano, ina mtu? Maana kama imefungwa doa litakuwa kavu hata bomba likiwa limekatika vipande viwili, hakuna anayeoga huko juu. Siku mpangaji akihamia, siku ya tatu mnaanza kuweka ndoo. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu rangi ya doa, gongeni mlango wa juu, na kama yupo mtu muombeni kwa ustaarabu afungue maji bafuni dakika ishirini, aachie sinki lililojaa kwa mkupuo, avute choo, na nyie muwe chini na tochi.

Lakini maji yenyewe siyo ninachokiogopa zaidi. Ninachokiogopa ni maji yamefanya nini kwenye zege kwa miaka yote hiyo. Hapa nikae kidogo, sababu ukielewa hili utaelewa nusu ya kazi yangu. Zege likiwa zima lina ukali wa magadi, pH yake, yani kipimo cha huo ukali, inakuwa 12 hadi 13, na huo ukali unaifunika nondo kwa utando mwembamba sana unaoizuia isishike kutu. Sasa hewa ina kaboni dayoksaidi, inapenya polepole toka juu kwenda ndani miaka na miaka, inaua ule ukali mpaka pH inashuka chini ya 9. Ikifika kwenye nondo utando unaondoka, na hapo nondo inangoja kitu kimoja tu, unyevu, na bafu linauleta kila siku. Nondo inapoota kutu inavimba, kutu inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, na zege haliwezi kuvutika, linapasuka na kubanduka. Likibanduka hewa na maji yanaingia vizuri zaidi na mambo yanakwenda kasi. Yani anayepaka rangi juu ya hilo doa hajasimamisha chochote, ameficha saa tu, mshale unaendelea kuzunguka.

Niliwahi kuitwa kuangalia bafu moja lina dari mpya ya jipsamu, nyeupe, safi, vitaa vinne, mteja ameshalipa kishika uchumba. Nikaona ile dari iko chini kuliko ya korido kwa kama sentimita ishirini, nikauliza kwa nini, muuzaji akasema ni urembo. Nikatoa kitaa kimoja, nikaingiza simu nikapiga picha kwa ndani. Nondo zilikuwa zinaning'inia wazi, zimekonda kama misumari, na vipande vya zege vimelala juu ya ile jipsamu, ndo ilikuwa inavizuia visimwangukie mtu anaoga. Toka siku hiyo dari ya bafu iliyoshushwa sipiti chini yake bila kufungua kitu.

Ya kwenu bahati nzuri iko wazi. Chukueni bisibisi kubwa, mgonge na mpini wake kuanzia pembeni kwenda katikati ya doa. Zege zima linajibu kwa sauti kavu ya juu, lililoachana na nondo linajibu kama debe tupu. Ukisikia debe, acha kugonga na toka chini yake. Mhandisi akija ana njia nzuri zaidi, anachimba kidogo na kupulizia dawa inaitwa fenolfthaleini, pale zege lilipo na ukali wake panageuka pinki, pale lilipokufa hapageuki rangi, alafu anapima kwa rula ule mpaka uko umbali gani na nondo. Ni dakika chache tu. Na jambo la mwisho kwenye doa, hiyo slabu ni ya jengo, siyo yenu wala ya jirani, kwa hiyo hata kama mna hela na fundi mzuri hamuwezi kuitengeneza kwa chini tu huku bafu la juu linavuja, lazima la juu livunjwe liwekewe dawa ya kuzuia maji upya, na hilo ni la makubaliano kabla ya kununua, baada ya kununua mtakuwa mnaomba.

Unyevu wa kwenye kuta zingine wala usikusumbue sana ghorofa ya nne, ule unaopanda toka ardhini ni wa watu wa chini. Nyie mtakuwa na uvujaji au jasho la ukuta. Kujua ni upi, kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache siku mbili. Kikilowa upande wa chumbani ni jasho, hewa haizunguki, fungua madirisha na weka feni ya kutoa hewa. Kikilowa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta, tafuta bomba.

Tuje kwenye ndoto zenu sasa, na hapa ndo nitawaudhi.

Ukuta kati ya jiko na sebule huenda unatoka huenda hautoki, na hakuna mtu anaweza kukwambia kwa kuugonga, hata fundi wa miaka thelathini. Kugonga kunakwambia ukuta umetengenezwa na kitu gani, hakukwambii unabeba nini. Kuna majengo ya nguzo na mihimili, humo kuta nyingi za ndani ni za kugawa tu. Kuna majengo yanayobebwa na kuta zenyewe, humo ukitoa ukuta ghorofa ya nne, ukuta wa ghorofa ya tano na paa vinabaki vinauliza vikae wapi. Dalili mnaweza kuziangalia, ukuta ni mnene kuliko mwingine? fleti ya juu na ya chini zina ukuta pale pale? mihimili inaonekana ikipita juu? Lakini dalili siyo ruhusa. Inatakiwa ramani ya jengo na mhandisi wa miundo aandike na kusaini, alafu kibali cha jengo na cha mamlaka ya mji. Na kuna kitu kinasahauliwa, hata ukuta usiobeba kitu ukiwa umesimama pale miaka hamsini, slabu ya juu inaweza kuwa imeshashuka kidogo na kuuegemea, ukiutoa ghafla jirani wa juu anaona ufa kwenye taili zake na anajua pa kuja.

Alafu uzito. Slabu ya makazi kawaida inapigiwa hesabu ya kubeba kama kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba kwa ajili ya watu na vitu vyao, ukiacha uzito wake yenyewe. Sasa mafundi wavivu wa kuvunja wanakwambia tusibomoe sakafu ya zamani, tumwage simenti sentimita tano juu tupige taili. Hizo sentimita tano ni kama kilo 100 kwa kila mita ya mraba, nusu ya uwezo imeshaliwa kabla hamjaingiza kitanda. Mimi nasema ya zamani itoke kwanza, hata kama ni vumbi na kelele. Na vifusi visirundikwe katikati ya chumba, viroba hamsini vya kilo arobaini ni tani mbili, ukivipanga kwenye mita nne za mraba umeweka kilo 500 kwa kila mita, nimeona hiyo kwa macho yangu, vijana wamepanga vizuri kabisa kama dukani, wanasubiri gari la kesho. Vipangwe pembezoni karibu na kuta, safu moja, na vishuke siku hiyo hiyo.

Kuhamisha bafu ndo ngumu kuliko ukuta, na watu hudhani ni kinyume chake. Maji safi unayapeleka popote, yana presha yanapanda yanashuka. Majitaka ya choo yanatembea kwa mteremko tu, hayana injini. Bomba la choo la sentimita kumi linataka mteremko wa kama sentimita mbili kwa kila mita. Tuseme upande wa pili ni mita nne toka kwenye bomba kuu la wima, hapo ni sentimita nane za mteremko, weka na bomba lenyewe, kwa nje kama sentimita kumi na moja, mmeshafika kumi na tisa, na halijafunikwa. Hizo sentimita mtazipata wapi? Kwenye jengo la chini unachimba. Ghorofa ya nne chini yako kuna dari ya mtu. Kwa hiyo ama mnainua sakafu ya bafu mnapanda kwa ngazi kwenda kuoga, ama mnapitisha bomba kwenye dari ya jirani wa chini ambaye hatakubali na ana haki, ama mnaweka pampu ya kusaga na kusukuma, inafanya kazi ila ina kelele, inahitaji umeme, na mtu mmoja akitupa pamba ndani mnaita fundi. Na chini ya hilo bafu jipya kuna chumba cha kulala cha mtu. Likivuja, linamvujia kitandani, ndo maana majengo mengi yanakataza kabisa bafu kukaa juu ya chumba cha watu. Ushauri wangu bafu libaki lilipo, mligeuze ndani, mlango uhamie upande wa chumba chenu kama ukuta unaruhusu. Sinki na sehemu ya kuogea vinaweza kusogea kidogo maana bomba zake ni nyembamba, choo kisiende mbali na bomba kuu.

Umeme na maji nitapita haraka sababu hapa jibu ni moja, vyote vitoke. Nyaya zinazoning'inia msijaribu kuokoa hata moja. Kama soketi zina waya mbili tu hakuna waya wa ardhi, na kwenye boksi kuna fyuzi za kufunga waya, hiyo fleti ilipigiwa hesabu ya balbu na redio, siyo hita ya maji na mashine ya kufua. Ulizeni jengo linaweza kuwapa umeme kiasi gani, maana mnaweza kufunga nyaya nzuri ndani na mshipa unaopanda toka chini ukawa mwembamba. Kwenye boksi jipya iwepo breka inayokata ikihisi umeme wa milliampia 30 unavujia ardhini, hiyo ndo inayookoa mtu bafuni, breka ya kawaida inaokoa waya. Mabomba ya chuma ya zamani yanaziba kwa kutu ndani, mkifungua bomba la kwanza baada ya fleti kufungwa muda mrefu angalieni rangi ya maji ya mwanzo. Ila bomba kuu la wima ni la jengo, na kama lina miaka hiyo hiyo, mkubaliane na jengo libadilishwe kwenye ghorofa yenu sasa hivi kuta zikiwa wazi, siyo baada ya taili.

Msivunje chochote kabla ya kujua mnavunja nini. Jengo la zamani linaweza kuwa na asbesto, madini ya nyuzi nyuzi yaliyokuwa yanachanganywa kwenye vifaa vya ujenzi, kwenye vigae vya plastiki vya sakafu, kwenye gundi yake, kwenye vifuniko vya mabomba ya moto. Uingereza waliipiga marufuku mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya wote 2005, kwa hiyo kila kilichojengwa kabla kinashukiwa, na sehemu zingine za dunia hata baada ya hapo. Ikitulia haina shida kubwa, ikikatwa au kutobolewa nyuzi zake zinaingia kwenye mapafu na madhara yanakuja miongo kadhaa baadaye. Rangi za zamani nazo zinaweza kuwa na madini ya risasi, Marekani walizuia rangi hizo majumbani mwaka 1978, na kwa mtoto hakuna kiwango salama cha risasi kinachojulikana, kwa hiyo kama mna mtoto au mnamtarajia asiwe hapo siku za kukwangua. Kipande kidogo kikapimwe maabara kwanza.

Bajeti. Wengi wanapiga hesabu ya vinavyoonekana, taili, jiko, rangi, milango. Kwa fleti ya kuanza upya hivyo ndo rahisi kukisia, kinachowamaliza ni kuvunja, kushusha vifusi kwa ngazi toka ghorofa ya nne, mabomba, nyaya, kunyoosha kuta zilizopinda, dawa ya maji, na kodi ya mahali mnapoishi wakati fundi anaendelea. Pigeni hesabu yote alafu ongezeni robo pembeni msiyoigusa kwenye karatasi, na kwenye jengo la umri huo sitashangaa ikiisha. Njia ninayopenda ni kuanzia mwisho, fleti kama hiyo kwenye jengo hilo hilo ikiwa imekarabatiwa inauzwa ngapi, toa ukarabati wote, toa ile robo, toa gharama za wakili na uhamisho wa hati, kinachobaki ndo bei ya juu kabisa ya kulipa. Kama muuzaji anataka zaidi ya hapo, basi mnamlipa yeye kazi mtakayofanya nyie.

Na muda msiulazimishe. Sakafu ya simenti inakauka kama milimita moja kwa siku hewa ikizunguka vizuri, sentimita tano ni siku hamsini hivi, ukiweka mbao wiki ya pili zitainuka kama mgongo wa ngamia. Bafu likishapakwa dawa ya maji, kabla ya taili ziba shimo, jaza maji sentimita kadhaa, acha masaa 24 na mwende kuangalia dari ya jirani wa chini. Fundi atanung'unika. Mwache anung'unike.

Sasa hii yenu, mnunue au mwache? Kwa nilivyosoma leo, sijaona sababu ya kuikimbia na sijaona sababu ya kuilipia. Jiko na nyaya ni raha yenu. Kama slabu ya bafu ni nzima au imeguswa kidogo, na wa juu na jengo wakakubali kwa maandishi kurekebisha, na nyie mkakubali bafu libaki upande wake, hiyo fleti inaweza kuwa nzuri sana, tena lile doa ndo litawapa punguzo. Kama zege linalia debe na jengo halina akiba wala halina kikao cha maana, iacheni hata ikishuka bei nusu. Na kama ndoto ya bafu upande wa pili haiachiki basi tafuteni fleti yenye bomba kuu la wima upande ule, zipo. Kuna na njia ya katikati ambayo watu wanaidharau, kununua iliyochoka kiasi, yenye nyaya na mabomba yaliyobadilishwa miaka kumi nyuma ila jiko na bafu vibaya. Punguzo ni dogo ila mnalala usingizi.

Kabla ya kulipa hata kishika uchumba wapate watu watatu waje wenyewe, mimi kwa maandishi siwezi kuona nyuma ya plasta. Mhandisi wa miundo kwa ajili ya doa na ukuta, na awe mliyemtafuta nyie siyo aliyeletwa na dalali. Fundi umeme mwenye leseni. Na wakili wa kuangalia hati, madeni, kama fleti imewekwa rehani, na kama kuna mpangaji ndani mwenye mkataba. Mkiona ufa unaopitisha sarafu kwenye nguzo au mhimili, mlango wa ngazi usiofunga sababu fremu imekaa upande, au sakafu inayowapeleka upande mmoja mkitembea, hapo msisubiri ratiba ya mtu, muiteni mhandisi wiki hiyo hiyo na mkawaambie na wanaoishi humo.

Jumamosi mkirudi chukueni tochi, bisibisi, kifaa cha pima maji cha kuangalia usawa wa sakafu, na ndoo moja ya maji. Mwageni kidogo kidogo kwenye sakafu ya bafu la sasa muone yanakimbilia wapi. Alafu pandeni mkagonge ghorofa ya tano, mkikuta kumefungwa muulizeni mlinzi tangu lini, na hilo jibu niandikie.